Likizo na Dirisha Namba Nne

Usiku wa jana niliota nimebebwa ndani ya kikapu changu cha sokoni, na aliyenibeba alikuwa paka wangu.

Jina lake ni Likizo. Alikuja mlangoni siku ile ile niliyostaafu, nikiwa bado sijavua viatu vyeupe vya kazi, akaingia bila hodi na hajatoka mpaka leo. Katika ndoto alikuwa anatembea kwa miguu miwili ya nyuma, kikapu amekitundika mkononi, kama mwanamume mtu mzima aliyetumwa nyanya na mkewe. Jambo moja tu lilinishangaza: kwa nini hakukishika kwa meno, wakati kila kitu chake hukibeba kwa meno. Hilo la kutembea wima niliona ni la kawaida.

Nikamuuliza tunakwenda wapi. Likizo si msemaji.

Tukafika kwenye jengo refu lililoandikwa mlangoni BIMA YA AFYA YA PAKA NA WATEGEMEZI WAO. Paka wamepanga foleni kwa utulivu ambao sijawahi kuuona kwa binadamu, kila mmoja na mtu wake kikapuni au kwenye boksi lililotobolewa matundu ya hewa. Jirani yangu Kibwana, fundi feni wa chumba cha mbele, alikuwa kwenye boksi la sabuni, amebebwa na paka wa rangi ya chungwa. Kibwana hafugi paka. Alinisalimia kwa adabu, akasema yeye amekuja kupima presha tu.

Hapa inabidi nieleze kilichotokea kabla sijalala, maana bila hicho ndoto yenyewe haina kichwa wala miguu.

Mimi ni Sista Mwanjaa. Nilikuwa nesi wa kliniki ya mama na mtoto hapa Tanga miaka thelathini na mmoja, na nusu ya mtaa huu imelia mikononi mwangu. Likizo nilimfungulia kadi ya kliniki, ile ya watoto, yenye mchoro wa ukuaji. Kila Jumamosi nampima kwa mizani ya kuning'iniza waliyoniaga nayo kazini. Namshikia suruali ya kupimia, naye anaingiza miguu mwenyewe. Nampiga brashi, namkagua masikio na kucha, nambadilishia maji asubuhi na jioni, na mchanga wake nauangalia kila siku kujua kama amekojoa vizuri. Chanjo zake zote zimeandikwa kwa wino wa bluu. Najisifu, ndiyo, lakini sidhani kama Tanga nzima kuna paka aliyeandikwa kama huyu.

Basi tangu juzi alikuwa hali chakula. Anasogelea bakuli la samaki, ananusa, anarudi nyuma. Jana jioni nikampima joto, nikapata thelathini na nane nukta nane. Nikaandika kwenye kadi: HOMA. Mtu mwenye joto hilo nilijua cha kumpa. Nikachukua kidonge cha paracetamol, nikakikata nusu, nikaikata nusu hiyo robo, na robo nikaikata tena, kwa hesabu ya mtoto wa kilo nne. Kipande nikakiweka kwenye kisahani mezani na kukifunika kwa kikombe cha kahawa. Asubuhi ningekisaga kwenye maziwa.

Kibwana alikuwepo. Akaniambia nimpeleke kwa Daktari Asnati, yule wa mifugo wa barabara ya kumi na mbili, tena siku hizi ana bima pia, unamwandikisha mnyama wako anaangaliwa mwaka mzima. Nikamjibu kwamba huyo Asnati nilimchoma sindano ya surua mimi mwenyewe, akanilowesha mapaja. Leo nimpelekee kadi yangu aisahihishe? Kibwana akasema, "Haya, Sista, wewe ndiye mwenye paka." Nikalala.

Turudi kwenye foleni.

Zamu yetu inafika. Karani dirishani ni mizani yangu. Imevaa shati la mikono mirefu na imefunga vifungo vyote, ingawa haina mikono.

"Mwanachama?" inauliza.

Likizo anaweka mguu kwenye wino na kugonga fomu.

"Mtegemezi?"

Likizo ananinyooshea mimi kidole. Nikamwambia karani kwamba kuna makosa hapo, mimi ndiye ninayemtunza huyu, na kadi ninayo. Mizani ikafungua jalada na kusoma kwa sauti ile ile ambayo ingesomea uzito.

Ilisoma kwamba mwanachama humwamsha mtegemezi saa kumi na moja alfajiri kila siku tangu mtegemezi astaafu, bila kukosa hata siku moja, ili asilale mpaka saa nne na kujiuliza sasa ana kazi gani duniani. Kwamba humlalia goti la kulia, lile bovu, na si la kushoto. Kwamba wiki ile mtegemezi alipougua malaria mwanachama hakutoka nje siku nne, na mchanga wake aliutumia mara mbili tu ili asimpe kazi ya kuusafisha. Kwamba mtegemezi akizungumza peke yake, mwanachama hugeuza sikio moja ili ionekane wanazungumza wawili.

"Hiyo ndiyo michango yake," ikasema. "Haijachelewa hata mmoja."

Niliona aibu na niliona fahari, vyote kwa pamoja. Miaka miwili nilidhani namwandika mimi.

Mizani ikatuelekeza tukakae kwenye benchi. Mwisho wa benchi alikuwa amekaa Ugonjwa Uliokuwepo Kabla, yule ambaye bima zote hukataa kumlipia. Alikuwa mnene, amevaa koti, na alikuwepo kabla ya sisi wote. Aliniambia alikuwepo kabla ya jengo lenyewe, kwamba mafundi walipokuja walimkuta amekaa, wakajenga kumzunguka. Akamtazama Likizo, kisha akatikisa kichwa na kusema huyu si wake, ugonjwa wa huyu ni mpya. Nikamshukuru. Akasema hapana haja.

"Mwanachama anaumwa nini?" ikauliza mizani kutoka dirishani.

"Homa," nikasema.

Kikaitwa kipimajoto. Kikaingia kimejifuta vizuri na kusimama wima.

"Nilisoma thelathini na nane nukta nane," kikasema. "Nilichosoma ni hicho. Neno homa si langu."

"Kwani thelathini na nane nukta nane si homa?"

"Kwa mtu ni homa. Kwa paka ni siku ya kawaida. Ungenitia kwake siku yoyote ungenikuta hapo hapo, mama, lakini ulisubiri mpaka augue."

Nikageukia mizani. Nikaiambia kwamba sisi wawili tumefanya kazi pamoja miaka mingi, na kwamba kilo nne ni kilo nne, iwe jana iwe leo. Mizani ikafunga jalada taratibu. Nadhani haikupenda kunisahihisha mbele za watu.

"Mimi husema uzito tu, Sista," ikasema. "Sijawahi kusema ni wa nani."

Nyuma yangu kulikuwa na mtu anahema. Nikageuka. Kilikuwa ni kile kipande cha kidonge, kimesimama kwenye foleni na karatasi yangu ya dawa mkononi, kinatoka jasho.

"Nimetumwa na huyu mama," kikamwambia karani. "Nimeambiwa niende kwenye ini."

Mizani ikaigonga karatasi muhuri, na tayari tuko kwenye ini.

Ini la Likizo ni ukumbi mkubwa mwekundu, wenye madirisha ya huduma pande zote, na unanuka dagaa kwa mbali. Nimeona ofisi nyingi katika maisha yangu lakini kazi ya namna ile sijaiona. Dirisha namba moja wanapokea samaki. Namba mbili wanapokea mafuta. Namba tatu wanashughulikia panya, mijusi, na vitu ambavyo Likizo hajawahi kuniambia. Kila kinachoingia kinapokelewa, kinafunguliwa, kinagawanywa na kusafirishwa, na hakuna anayeambiwa arudi kesho. Nilisimama nikitazama kwa furaha kabisa. Nilitamani wakunga wangu wote wangekuwepo.

Dirisha namba nne lilikuwa limefungwa. Vumbi lilikuwa limejaa kwenye kizingiti chake, na buibui alikuwa ametandaza utando na kuhama.

Karani mkuu, kiumbe mfupi mwenye miwani, akanifuata. Nikamuuliza mwenye dirisha hili yuko wapi.

"Hayupo."

"Amekwenda kula?"

"Hajawahi kuajiriwa. Tangu paka wa kwanza. Dirisha hili ni la dawa kama hii uliyoileta. Ninyi watu mna karani hapo, tena hodari sana. Sisi hatuna."

"Kwa hiyo kidonge kikija?"

"Kinasubiri. Kikisubiri kinaharibika, na kikiharibika kinaharibu wenzake. Damu inageuka rangi ya chai ya rangi. Fizi zinakuwa za udongo, uso unavimba, anahema. Ikifika hapo tunafunga ofisi yote."

"Hiki ni kipande tu," nikasema. "Nimekikata kwa uzito."

Karani akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akaniuliza, bila ubaya wowote, kama dirisha lisilo na mtu hujali umeleta karatasi kubwa au ndogo.

Nilitazama zile meza zenye kazi, wale watumishi wanaokimbia na mafaili ya samaki, nikaelewa kwamba asubuhi hii, baada ya chai, nilikuwa nimekusudia kuwafungia ofisi watu hawa. Nilikaa chini pale pale kwenye sakafu ya ini.

Kidonge kikaja kikakaa karibu yangu.

"Mimi nimeshusha homa za watoto wako wengi sana, mama," kikasema. "Huwa naingia kwa heshima na natoka kwa heshima. Hapa sitaki kuingia."

"Usiingie," nikasema.

"Nitakusubiri nje. Nitakaa kwenye kandambili yako ya kushoto, maana bila hiyo huwezi kutoka." Kikanyanyuka, kikaikunja ile karatasi yangu mara nne na kunirudishia, kikatoka.

Nilipoinua kichwa tuko kliniki, ile kliniki yangu ya zamani, Jumamosi asubuhi. Mabenchi ni yale yale, picha ya mtoto mnene ukutani ni ile ile. Likizo ananing'inia kwenye mizani ndani ya suruali ya kupimia. Mbele ya mizani amesimama Daktari Asnati. Ana mwaka mmoja na nusu. Amevaa nepi na koti jeupe linaloburuza chini, machozi ya sindano hayajamkauka mashavuni, na kifaa cha kusikilizia moyo kimemzunguka shingo mara tatu.

"Shikamoo, Sista," akasema.

"Marahaba, mwanangu. Mtazame."

"Nataka kumtazama. Utaratibu haujaniruhusu." Akaionyesha fomu.

Mizani ikaeleza. Michango ya mwanachama imekamilika, na bima inaanza leo hii. Uliobaki ni mchango wa mtegemezi, nao ni neno moja, linaloandikwa pale kwenye vitone. Neno lenyewe mtegemezi hajawahi kulitumia kazini kwa miaka thelathini na mmoja, ndiyo maana bado ni jipya kabisa.

Nikalijua hapo hapo. Nikafungua mdomo nilitoe.

"Mara tatu kwa siku," nikasema.

Mshale wa mizani ukashuka. Likizo alikuwa kilo nne, akawa tatu na nusu.

Nikajaribu tena. "Baada ya chakula," nikasema. Kilo mbili na nusu. Suruali imeanza kumpwaya.

Nikajishika taya kwa mikono miwili. Nasukuma, na ninasikia neno liko pale nyuma ya ulimi, limekaa kama mgonjwa aliyekataa kuingia chumba cha daktari. "Rudini baada ya wiki mbili," nikasema. Kilo moja. Kina mama kwenye mabenchi wameacha kunyonyesha, wananitazama. Kibwana naye yupo, ndani ya boksi lake la sabuni, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hana mzaha wowote usoni. Asnati amesimama na mikono yake midogo imenyooka kuelekea kwa Likizo, anasubiri, hanilaumu, na hilo lilinichoma kuliko kama angenilaumu.

Likizo sasa alikuwa mdogo kama siku ile alipokuja. Akanitazama kutoka ndani ya suruali na kusema, kwa sauti nene kidogo kuliko nilivyotarajia:

"Hukuniuliza, mama. Ulinipima tu."

"Sijui," nikasema. "Sijui. Sijui ana nini."

Nikasikia sauti yangu chumbani. Nilikuwa nimekaa kitandani na mwanga umeanza kuingia dirishani. Likizo alikuwa kwenye mto wangu, macho wazi, hajaniamsha. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Nikasema moyoni, ndoto ni ndoto, lakini kile kidonge nakitupa. Nikaenda mezani pekupeku. Kikombe cha kahawa kilikuwa pale pale, kimekifunika kisahani vile vile. Nikakiinua. Kisahani kilikuwa kitupu.

Naomba nisieleze sana dakika ile. Nilitazama chini ya meza, chini ya kitanda, ndani ya bakuli lake la samaki. Nikamkamata Likizo, nikampeleka dirishani kwenye mwanga na kumfunua mdomo. Fizi zilikuwa za waridi, zote, isipokuwa kulia, nyuma kabisa, kwenye jino la kutafunia ambalo mimi mkaguzi mkuu wa masikio na kucha sijawahi kulifikia. Lilikuwa la kahawia na nyama imevimba imelizunguka. Nilipoligusa aliniuma, taratibu, kwa meno ya upande wa pili. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba katika ndoto kikapu alikitundika mkononi, hakukishika kwa meno.

Nikampigia simu Asnati. Alikuwa bado na usingizi kooni, lakini shikamoo yake ilikuwa kamili. Nikamwambia Likizo hali chakula tangu juzi. Akauliza anaumwa nini.

"Sijui," nikasema. "Sijui ana nini, mwanangu. Nadhani ni jino, lakini sijui. Na kuna kipande cha paracetamol nilikiacha mezani, sasa kimepotea."

Usingizi ukamtoka. "Umempa?"

"Sijampa. Nilitaka kumpa."

"Mlete sasa hivi, mama. Usimpe kitu kingine chochote, hata maziwa. Naenda kufungua, utanikuta. Fizi zake zikoje?"

Nikamwambia za waridi. Akasema vizuri, akaniuliza anahemaje, uso umevimba, mate yanamtoka, moja baada ya jingine, kwa utulivu na bila kupoteza neno. Nilikuwa najibu huku nikimtia Likizo kikapuni, na nikajikuta namsikiliza kama nilivyokuwa nikiwasikiliza madaktari wakubwa nilipokuwa mwanafunzi. Yule mtoto aliyenilowesha mapaja anajua kazi. Nikamwambia hivyo. Nikamwambia pia kwamba hiyo bima yake amwandike Likizo leo leo, na mimi, kama kuna nafasi ya mtegemezi, aniandike hapo.

"Utaratibu haupo hivyo, mama," akasema, na nikasikia funguo zinalia mkononi mwake.

Nilikuwa nimefika mlangoni, kikapu mkononi, simu begani. Nikatia mguu wa kulia kwenye kandambili. Nikatia wa kushoto, nikahisi kitu.

Nikainama. Kilikuwa kipande cha kidonge, kizima, ukubwa ule ule niliokikata, na kilikuwa na unyevunyevu juu yake kana kwamba kilikuwa kinatoka jasho. Nilikaa kizingitini. Nililia kidogo, sioni haya kusema.

"Mama?" Asnati akaita kwenye simu. "Bado uko?"

"Nipo. Nimekiona. Hakukila."

"Alhamdulillahi. Kilikuwa wapi?"

"Kwenye kandambili yangu. Ya kushoto."

Funguo zikaacha kulia. "Kimefikaje huko?"

Kwa mara ya kwanza tangu jana, hilo nilikuwa nalijua vizuri kabisa. Lakini Likizo alikuwa ametoa kichwa kikapuni, ananitazama, sikio moja amelileta kwangu.

"Sijui," nikamjibu, na safari hii neno lilitoka lenyewe.